Herufi L Iliyopotea katika Jina la Mungu



Chang'ombe yetu ni mahali ambapo makabila mengi yamekutana. Katika jumuiya ndogondogo moja anaweza kuwepo bibi aliyetoka Dodoma, ambaye kwa Kigogo chake humwita Mungu *Mulungu*, pamoja na mjukuu wake aliyezaliwa Temeke, ambaye husema Mungu tu. Mjukuu hudhani bibi anakosea kwa sababu ya lafudhi ya bara. Wapo pia wanaosema kwamba Kiswahili chote kililetwa na wageni, hivyo hata jina "Mungu" ni la kuazima. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mawazo yote mawili si sahihi, na kwamba jambo hili linagusa namna tunavyosikilizana kanisani.

Isimu historia ni nini?

Isimu historia ni somo la chuo kikuu linalochunguza jinsi lugha zinavyobadilika kadiri miaka inavyopita. Si somo la mbali nasi: hapa hapa Chang'ombe kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005, ambako walimu wa Kiswahili huandaliwa.

Lugha nyingi za Kibantu hazikuandikwa zamani, kwa hiyo mtafiti hawezi kutegemea vitabu vya kale peke yake. Huyapanga maneno ya lugha ndugu sambamba, kisha hutafuta tofauti inayojirudia. Tofauti ikitokea mara moja, yaweza kuwa bahati tu. Ikijirudia katika maneno mengi, hapo pana kanuni.

Tujaribu wenyewe. Sisi tunasema *njaa*. Wasukuma husema *nzala* na Waganda *enjala*. Sisi tunasema *njia*. Wasukuma husema *nzila*. Kwetu ni *mguu*. Kwa Waganda ni *okugulu*. Kwetu ni *kuzaa*. Kwao ni *okuzaala*. Penye L katika lugha ndugu, Kiswahili kina irabu mbili zilizobaki jirani baada ya L kuondoka.

Sasa tuweke *Mulungu* na *Mungu* sambamba. L ikianguka, Mulungu huwa Muungu, na ndivyo jina hili linavyoonekana mara kwa mara katika vitabu vya wamisionari wa karne ya 19. Baadaye u mbili zikawa moja. Ushahidi mwingine umo katika wingi wake. Kama mzizi ungekuwa *-ngu*, wingi ungekuwa "mingu". Lakini tunasema *miungu*, kwa sababu mzizi ni *-ungu*, na zamani ulikuwa *-lungu*. Kwa hiyo bibi wa Dodoma hakuongeza kitu. Lugha yake imehifadhi sauti ambayo Kiswahili kimeiacha.

L inayorudi kila Noeli

Msomaji anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba ni Kiswahili kilichopoteza L, na si lugha nyingine zilizoiongeza? Jibu limo vinywani mwetu. Tunasema *kuzaa*, lakini kila Noeli tunatangaza kwamba Kristo *amezaliwa*. Tunasema *twaa*, lakini *twaliwa*. *Okoa*, lakini *okolewa*. *Komboa*, lakini *kombolewa*. Katika maumbo hayo L ya kale imesalimika, na Kiganda kinaithibitisha kwa *okuzaala*. Mashahidi wawili ambao hawakupatana kabla wanasema neno lilelile.

L haikuanguka kila mahali. *Kulala* na *kulima* bado wanayo. Kueleza ni wapi ilianguka na wapi ilibaki ndiyo kazi ya wanaisimu.

Je, Mungu alikuja na meli?

Kiswahili kina tabaka nyingi. *Kanisa*, *Injili* na *malaika* yametoka katika Kiarabu. *Meza* imetoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Lakini jina lenyewe la Mungu ni la nyumbani. Wagogo, Wayao na Wamijikenda wanalo, kila mmoja kwa matamshi yake. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili, wanakiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Maneno ya kuazimwa yamekitajirisha Kiswahili bila kukiondoa katika ukoo wake wa Kibantu.

Kanisa lilishiriki katika kazi ya kuihifadhi lugha hii. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya utume Zanzibar na pwani, alikusanya maneno ya lahaja mbalimbali katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris kuanzia mwaka 1939. Alisikiliza watu wanavyosema, akaandika.

Mtakatifu Agostino na mfupa

Jambo hili si geni kwa Mababa wa Kanisa. Katika kitabu chake kuhusu Mafundisho ya Kikristo, Agostino, askofu Mwafrika wa Hippo, anazungumzia neno la Kilatini *os*. Likitamkwa kwa o fupi ni mfupa. Kwa o ndefu ni mdomo. Waamini wake hawakuweza tena kuzitofautisha o hizo mbili. Basi Agostino akasema ni afadhali mhubiri aseme *ossum*, umbo ambalo walimu wa sarufi walilihesabu kuwa kosa, ili watu waelewe. Leo Waitaliano huita mfupa *osso*, na hakuna anayewasahihisha.

Hapo tunapata kipimo kizuri. Msomaji wa somo Misani akibadili L na R, *mahali* pakawa *mahari*, maana imeharibika. Tumsaidie kwa upole kabla ya Misa, maana Neno la Mungu linastahili kueleweka. Lakini lafudhi inayoeleweka haihitaji kuchekwa. Msomaji akichekwa leo, Dominika ijayo hatapanda tena mimbarini, na pengine atakuwa na aibu ya kusali kwa lugha ya mama yake.

Katika falsafa tunajifunza kutoka kwa Aristotle kwamba sauti za maneno hutofautiana kati ya watu na watu, lakini mambo yanayotajwa ni yaleyale. Mulungu, Muungu, Mungu: sauti zimebadilika kwa kanuni, na anayeitwa ni yuleyule. Basi mjukuu na amwombe bibi yake amfundishe kusali Baba Yetu kwa Kigogo. Huenda akasikia humo sauti nyingi ambazo Kiswahili chake kiliziacha njiani.