Finjani Isiyo na Shikio

Muuza kahawa wa mtaa wa Makadara hana haja ya kupaza sauti. Usiku wa Ramadhani hugonganisha vikombe viwili kiganjani, na wenye hamu wakasogea. Dele lake la shaba amelishika kwa kitambaa, maana shaba iliyotoka kwenye makaa haipigi simile. Lakini finjani ya kauri anayokupa haina shikio, kahawa inafuka moshi, nawe unaishika kwa vidole vitupu.

Shaba hupitisha joto mara 50 na zaidi kuliko kauri. Na kauri hiyo ina feldispa, madini yaliyojaa kuliko mengine yote katika ganda la dunia. Fundi huisaga, akaichanganya na udongo mweupe. Tanurini, joto likipita nyuzi 1,100 hivi, feldispa huyeyuka na kujipenyeza kati ya chembe nyingine. Ikipoa haiwahi kujipanga upya, hubaki kioo.

Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Ndani ya feldispa nzima, atomi zimenyooka kama safu za swala ya Idi: wa kwanza akisukumwa, bega kwa bega msukumo unafika mbali. Ndani ya kioo ni watu wale wale baada ya hotuba, kila mmoja anatafuta viatu vyake. Msukumo, yaani joto, unapotea njiani. Tena ukiipasha moto feldispa, safu nazo huanza kuyumba, joto likapita kwa shida zaidi. Kioo, kilichokwisha vurugika, hakibadiliki sana.

Si habari ya vikombe tu. Mwaka 2009 mtafiti Alan Whittington na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba mwamba wa moto chini ya ardhi husafirisha joto kwa kasi karibu nusu ya ilivyodhaniwa. Yaani mwamba ukishapata moto unajifunika blanketi wenyewe. Kule kwenye volkano ya Menengai, karibu na Nakuru, baadhi ya visima vya mvuke vilivyochimbwa kuanzia 2011 viligonga mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha kilomita 2 hivi, na mashine zikapandisha vipande vya kioo: mwamba uliopoa kabla haujawahi kujipanga.

Kahawa yangu, kwa upande wake, ilikuwa inapoa kwa juu, kwa mvuke. Mzee aliyekaa nami benchini hakungoja: aliivuta kwa mlio, akang'ata kashata, akanyoosha finjani ijazwe tena.