Dawa ya Magugu na Maharage Yetu

Siku hizi wakulima wengi huacha jembe la palizi wakanunua dawa ya kuua magugu. Siwalaumu, maana palizi ya milimani ni kazi nzito, na sisi vijana mara nyingi tuko shuleni. Lakini hapa Bombo, kama kwingine katika milima ya Upare, mahindi na maharage hupandwa pamoja katika shamba moja. Kwa hiyo napenda kueleza jinsi dawa isiyoyadhuru mahindi inavyoweza kuyaangamiza maharage.

Mahindi ni jamii ya nyasi. Maharage, kunde na mbaazi ni mimea ya majani mapana, kama yalivyo magugu mengi. Dawa iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, huiga homoni inayoongoza ukuaji wa mmea. Nyasi huivumilia. Mmea wa majani mapana hukua ovyo, shina hupinda, majani hujikunja, kisha hufa. Dawa haijui lipi ni gugu na lipi ni haragwe. Atrazini nayo huzuia majani yasitengeneze chakula kwa mwanga wa jua. Mahindi huweza kuivunja nguvu, maharage hayawezi. Tena huweza kubaki udongoni miezi kadhaa, hata maharage ya msimu ufuatao yakadhurika. Glaifoseti haichagui: huua nyasi na majani mapana pia.

Hasara haiishii kwenye majani. Katika mizizi ya maharage mna vinundu, na ndani yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mmea nao huwalisha sukari. Majani yakidhoofika, sukari hupungua, na kazi ya vinundu hufifia. Ng'oa haragwe moja wakati wa maua, ukipasue kinundu: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Basi anayepoteza maharage hupoteza mboga, na shamba nalo hupoteza rutuba.

Hata asiyepulizia dawa hayuko salama, kwa kuwa upepo huchukua matone hadi kwa jirani. Mwaka 2017 huko Marekani, dawa iitwayo dikamba ilipeperuka ikadhuru soya. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri alikadiria ekari milioni 3.6. Je, itakuwaje kwetu, ambako shamba la mtu huanza palipoishia la mwenzake?

Nashauri mambo manne. Kwanza, penye mahindi na maharage pamoja, palizi iwe ya jembe. Pili, tununue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na asiyeielewa dawa amwulize Bwana Shamba. Tatu, tusipulizie penye upepo. Nne, bomba lililobeba 2,4-D lisitumike kwenye maharage. Asiye na bomba la pili alioshe mara kadhaa kwa maji na sabuni, mbali na mto na kisima.

Wenzangu wanafunzi, sisi ndio tunaotumwa dukani, na sisi ndio tunaowasomea wazee maandishi ya chupa. Tusiwasomee jina la dawa na kipimo tu. Tuwasomee pia ni mazao gani inayoyafaa, na ni yapi inayoyaua, kabla bomba halijajazwa maji.