Mbogi ya Madizaina Inaunda Gari Moja Wakiwa Nchi Tofauti: Rada ya VR Iko Hivi

Wasee, cheki hii. Uko Nairobi, beshte yako yuko Mombasa, na mnataka kuunda kiti kipya cha boda. Unachora, unamtumia picha WhatsApp, anakujibu "iko fiti." Fundi wa Kamukunji anachomelea, mnakikalia, ndo mnagundua magoti ya abiria yanadunga rider mgongoni. Chuma imeenda, ganji imeenda.

Hiyo ngori ndo VR inajaribu kumaliza. Kila mtu anavaa hedseti, anashika rimoti mbili, na wote mnajipata kwa chumba kimoja cha kidijitali. Kiti kiko hapo katikati, saizi yake kamili. Unachora laini hewani, mwenzako anaivuta, anazunguka nyuma, anainama kucheki chini. Kwa skrini ya laptop ni ngumu kujua kitu ni kikubwa aje. Hapa unakaribia tu na unajua, na mkibishana mnabishana mkiangalia kitu kimoja.

Programu moja inayovuma kwa hii kazi ni Gravity Sketch ya London, iliyoanzishwa na Oluwaseyi Sosanya na Daniela Paredes Fuentes. 2019, Ford ilitangaza kwamba madizaina wake walikuwa wanaijaribu, wakichora gari moja pamoja, live, bila kupanda ndege. Tangu 2021 msee binafsi anaitumia bure, so kwa mbogi ya campo gharama ni bundles na hedseti. Quest 3S ilitoka 2024 na bei ya kuanzia dola 299 huko Marekani. Hapo sijaweka usafiri na ushuru, manze.

Na usidhani ni mteremko. VR haikuonyeshi uzito wa kitu, wala kama chuma itapinda mtu wa kilo mia akikaa. Wengine huskia kizunguzungu wakikaa ndani sana. Alafu mkichora wote kwa wakati mmoja inakuwa vurugu, kwa hivyo mpangane nani anachora na nani anaandika kile mmekubaliana.

Kitu mob hukosea ni kuacha fundi nje, anacheki tu kwa skrini ya laptop. Wenye hedseti wanaongea wakinyoosha vidole, yeye ananyamaza, na ndiye anajua weldi itashikia wapi. Kama mko na hedseti mbili, moja apewe.