Mahali pa Kusimika Mitambo ya Upepo: Sheria za Tanzania na Mfano wa Magofu ya Kua, Mafia

Magofu ya Kua yamo katika kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, mkoani Pwani. Mji huo ulivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliotoka Bukini, yaani Madagaska, na haukujengwa tena. Kilichobaki ni kuta za kasri, misikiti na makaburi ya mawe ya tumbawe yaliyozongwa na mizizi ya miti. Pepo za msimu zilizoleta majahazi yaliyoitajirisha Kua bado huvuma kama zamani: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi katika miezi ya kati ya mwaka. Upande wa mashariki wa Juani hakuna kinachouzuia upepo huo, kwa kuwa kisiwa kinatazamana na bahari kuu.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayetafuta mahali pa kusimika mtambo wa upepo katika wilaya ambayo kwa miaka mingi imetegemea umeme wa jenereta za dizeli, hawezi kuacha kuitazama Juani. Ifahamike mapema kwamba hakuna mradi wa aina hiyo uliojengwa Kua. Kua imechukuliwa hapa kuwa mfano kwa kuwa katika kisiwa hicho kimoja hukutana karibu sheria zote zinazoamua swali la mahali.

Jambo la kwanza la kueleza ni kwamba Tanzania haina sheria moja inayotaja wapi mtambo wa upepo usimikwe na wapi usisimikwe. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 hushughulikia anayezalisha, anayesafirisha na anayeuza umeme, na huipa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) uwezo wa kutoa leseni. Mzalishaji mdogo wa chini ya megawati 1 husamehewa leseni hiyo. Msamaha huu hueleweka vibaya mara nyingi. Unamwondolea mwenye mradi leseni ya umeme tu. Haumpi haki yoyote juu ya ardhi, wala haumwondolei wajibu wowote wa kimazingira. Mtambo mdogo usiohitaji leseni ya EWURA unaweza kuwa haramu kabisa mahali uliposimama.

Kinachoamua, basi, ni hadhi ya ardhi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huigawa katika ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Katika kisiwa cha Juani mgawanyo huo, ulio wazi kwenye karatasi, unapoteza uwazi wake. Juani ina kijiji chenye wakazi, mashamba na viongozi wake. Wakati huohuo kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ardhi huitaja ardhi iliyotengwa chini ya sheria hiyo ya bahari kuwa ardhi ya hifadhi. Kwa hiyo mwanakijiji wa Juani analima katika ardhi ambayo sheria mbili zinaiita kwa majina mawili.

Lipo na jina la tatu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi kinaeleza ardhi hatarishi, yaani ile ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Miongoni mwa mifano yake ni mikoko, matumbawe, ardhi oevu na visiwa vilivyo baharini. Kutajwa huko peke yake hakuifanyi Juani kuwa ardhi hatarishi, kwa kuwa sheria inadai utaratibu wa tangazo rasmi. Lakini kunaonesha kwamba mtunga sheria alikwisha kuvishuku visiwa kama mahali pa ujenzi mkubwa.

Magofu yenyewe yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inaweka mpaka wa mwaka 1863: jengo lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka huo huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale. Kua ilikuwa imekwisha kuachwa kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu umri wa kuta zake. Ugumu uko chini ya udongo. Mtambo wa upepo hauwekwi juu ya ardhi kama nguzo ya simu ya kijijini. Msingi wake huchimbwa kwa kina na kumiminwa zege nyingi, na katika kisiwa cha mwamba wa matumbawe maana yake ni kuuvunja mwamba. Mji wa kale hauishii pale ukuta wa mwisho unapoonekana. Vigae, visima na makaburi yasiyo na alama huendelea mbele, na sheria inamtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa kwa mamlaka. Mjenzi mwangalifu hutafuta ushauri wa wanaakiolojia kabla ya kuchimba. Asiye mwangalifu huyafahamu hayo winchi ikiwa imekwisha kufika.

Hata hivyo sheria hiyo ina pengo. Inalinda jiwe, na inaweza kulinda eneo lililotangazwa, lakini haisemi lolote mahususi kuhusu mandhari. Mnara unaosimama nje ya mpaka wa eneo lililolindwa, huku mapanga yake yakizunguka juu ya paa lililobomoka la kasri, haugusi jiwe hata moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo yenye meno zaidi. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni pale zinapoweza kuathiri hifadhi ya ufuko huo, na kifungu cha 81 kinadai Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya mradi kuanza, chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Juani inaonesha kwa nini tathmini hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka mradi wa bara. Fukwe za mashariki, zenye upepo mwingi kuliko kwingine, ndizo ambazo kasa hupanda kutaga. Ng'ambo kidogo, katika kisiwa cha Chole, wanaishi popo wakubwa wala matunda ambao hutawanyika kila jioni kutafuta chakula. Popo na mapanga ya mitambo ni maadui wanaojulikana popote umeme wa upepo ulipoanza. Aidha, visiwa hivi vimo katika eneo la ardhi oevu la Rufiji–Mafia–Kilwa, lililoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2004.

Hapa sheria mbili nzuri zinaweza kugongana. Usalama wa anga hudai mnara mrefu uwekewe taa za tahadhari, na Mafia ina uwanja wa ndege Kilindoni. Lakini vifaranga vya kasa, vinapoanguliwa usiku, hufuata mwanga. Mwanga wa nchi kavu huvipoteza njia ya kwenda baharini. Hakuna kifungu kinachosema ipi kati ya taa na kasa itangulie. Jibu hupatikana katika masharti ya cheti cha mazingira, yaani rangi ya taa, mwelekeo wake na umbali wa mnara kutoka ufukweni, na masharti hayo hutegemea kama kuna mtu aliyeliuliza swali hilo wakati wa tathmini.

Kuhusu umbali kutoka makazi ya watu, sheria hizi zote ziko kimya. Nchini Denmark, mtambo hauruhusiwi kuwa karibu na nyumba kuliko mara 4 ya urefu wake wote. Jimbo la Bayern nchini Ujerumani liliweka mara 10 mwaka 2014, kisha likalegeza baada ya kuonekana kwamba sharti hilo liliifunga karibu ardhi yote. Mitambo ya mradi wa Ziwa Turkana nchini Kenya, ambayo si mirefu kwa viwango vya leo, ina kipenyo cha mapanga cha mita 52 juu ya mnara wa takribani mita 44, yaani jumla ya mita 70 hivi. Kwa kipimo cha Denmark ingehitaji mita 280 kutoka nyumba ya kwanza. Kwa kile cha Bayern, mita 700. Kwa kisiwa kidogo chenye kijiji, magofu na ufuko wa kasa, tofauti ya vipimo hivyo inaweza kuwa tofauti kati ya mradi kuwezekana na kutowezekana.

Mradi huohuo wa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, unafundisha jambo jingine. Upepo ulikuwapo na mitambo ikazunguka, lakini Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kwa kufuata sheria, na ikatoa mwaka mmoja kwa kasoro hiyo kurekebishwa. Kule Kinangop, mradi wa karibu megawati 61 uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakazi.

Tanzania inayo njia ya kuepuka hali hiyo, ingawa hutumika kwa uvivu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250 haiwezi kuhamishiwa matumizi mengine ya umma bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Mitambo michache ya Juani isingekaribia hekta 250. Kwa hiyo, kwa kiasi ambacho ardhi hiyo ni ya kijiji, kauli iko kwa wanakijiji, na kwa kiasi ambacho ni ya hifadhi, mradi lazima ulingane na mpango wa jumla wa usimamizi wa hifadhi na kanda zake.

Nao wanakijiji hawalazimiki kusubiri mwekezaji ndipo wafikiri. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiruhusu kijiji kuandaa mpango wake, kuupitisha katika Mkutano Mkuu na kuutungia sheria ndogo zinazoidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Ukimya wa sheria za nchi kuhusu mandhari ya Kua na umbali kutoka nyumba za watu unaweza kujazwa humo: mita kadhaa kutoka ukuta wa nje wa magofu, mita kadhaa kutoka kisima, mita kadhaa kutoka mlango wa nyumba.