Lami ya Gando ikaguliwe kabla haijamwagwa

Gando iko kaskazini-magharibi mwa Pemba, Wilaya ya Wete. Mama mjamzito anayewahishwa hospitali, mvuvi mwenye samaki wa kuuza na mkulima mwenye magunia ya karafuu, wote hutegemea barabara ya kwenda Wete mjini. Ndiyo maana kila ukitajwa mradi wa barabara, swali la kwanza ni moja: utaanza lini? La pili huulizwa mara chache: fedha zake zinatoka wapi, na nani anazilinda?

Safari ya fedha hizo ni ndefu kuliko barabara yenyewe. Mikopo ya nje imo katika orodha ya Mambo ya Muungano, kwa hiyo mkopo wa barabara ya Pemba hupitia kwanza Serikali ya Muungano kabla ya kuifikia Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Baadaye hufuata wizara, mshauri elekezi na mkandarasi. Kila mkono unaozipokea unahitaji jicho.

Tunao mfano wa karibu. Mwaka 2008 Tanzania ilisaini na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, mkataba wa msaada, si mkopo, wa dola milioni 698. Ndani yake zilikuwamo kilomita 35 za barabara za vijijini Pemba. Mkataba ulikuwa wa miaka 5, na ulimalizika Septemba 2013. Ukomo huo nao ulikuwa msimamizi, kwani kila aliyehusika alijua siku ya mwisho.

Machi 2016, MCC ikasitisha ushirikiano kuhusu mkataba wa pili, wa zaidi ya dola milioni 472 zilizolengwa hasa kwenye umeme. Sababu ilizozitaja ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mfadhili ana masharti yake, na akiondoka huondoka na wakaguzi wake. Usimamizi wa kudumu ni ule wa kwetu wenyewe.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na Baraza la Wawakilishi lina kamati ya hesabu za serikali, PAC, inayozichambua ripoti zake. Kazi yao ni kubwa, ila mara nyingi ripoti hutoka fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Hasara ya kuchelewa kuhoji tuliiona Dar es Salaam: karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa bonde la Jangwani, na mvua kubwa zikaja kuyaharibu mabasi. Wakati wa kuhoji ulikuwa pale ramani ilipokuwa bado mezani.

Barabara nayo ni hivyo hivyo. Kifusi kilichoshindiliwa vibaya, kalvati jembamba na mtaro usio na pa kumwaga maji huonekana kabla ya lami. Lami ikishawekwa, hasara hufunikwa hadi masika yaifichue, na hapo mkandarasi yuko mbali.

Kwa hiyo kila mradi uwe na ubao unaoonyesha gharama, mfadhili, mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Nakala ya vipimo na orodha ya fidia za mikarafuu inayokatwa kupisha barabara ziwekwe kwa sheha, zisomwe na yeyote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanagando, mwakilishi wenu akija kuwaahidi barabara, mwombeni kwanza daftari.