Pampu ya Petroli katika Motokaa Kuukuu

Motokaa nyingi zipitazo mbele ya shule zetu hapa Uganda zilitumika kwanza Japani, zikaja kwetu zikiwa zimekwisha kula miaka mingi. Mnunuzi hutazama rangi, matairi na injini. Pampu ya petroli haiulizi, kwa kuwa haionekani. Nayo siku inapokufa, motokaa husimama papo hapo, hata ikiwa imebeba mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku.

Pampu ziko za namna mbili. Ile ya kale, kama ya Land Rover na Peugeot 404 za babu zetu, hufungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachovutwa na wenzo, nao wenzo husukumwa na injini yenyewe. Kiwambo kikishuka petroli huingia, kikipanda petroli huenda kwenye kabureta. Hiyo haina matata mengi. Kikombe chake cha takataka kisafishwe, na ukiona petroli inadondoka chini yake, au oili ya injini inanuka petroli, basi kiwambo kimepasuka. Usiendeshe mpaka kibadilishwe.

Ya pili ni ya umeme, nayo hukaa ndani ya tangi, imezama katika petroli. Wenzangu darasani huuliza: mbona haiwaki moto? Jibu ni kwamba petroli haiungui pasipo hewa, na ndani ya pampu iliyojaa petroli hewa hamna. Tena petroli hiyo ndiyo inayoipoza mota yake na kuilainisha. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Kwa uhaba wa fedha, madereva wengi hununua lita mbili asubuhi, lita mbili jioni, na taa ya mafuta kwenye dashibodi huwaka juma zima. Katika motokaa nyingi za miaka ya 1990, petroli isiyotumika hurudi kwenye tangi baada ya kupita penye joto la injini. Tangi likiwa na lita nyingi, joto hilo hupotea humo. Zikiwa mbili tu, ni petroli ile ile inayozunguka na kuzidi kupata moto, na pampu imebaki nusu uchi. Tukipanda milima ya Kigezi, petroli hukimbilia upande mmoja wa tangi na pampu hunyonya hewa. Basi robo ya tangi ihesabiwe kuwa ndiyo sifuri. Najua si rahisi kwa mwenye teksi, lakini robo hiyo hainunuliwi kila siku. Hununuliwa mara moja, ikaachwa humo.

Adui wa pili ni uchafu. Tangi la chuma lililo tupu hupata umande ndani wakati wa baridi ya usiku, maji hutuama chini, na kutu huanza. Petroli ya madumu ya njiani nayo huja na mchanga wake. Uchafu ukiziba chujio, pampu husukuma kwa taabu, hupata joto, na brashi za mota huisha upesi. Chujio ni rahisi kuliko pampu, kwa hiyo libadilishwe mapema. Na fundi akifunga pampu mpya bila kuosha tangi, amefanya nusu ya kazi, ingawa atadai malipo yote.

Kabla ya kuihukumu pampu, chunguzeni fyuzi, relei, na waya ulioungwa kwenye bodi. Ukipata kutu ya kijani kwenye maungio, umeme hufika haba, mota huzunguka kwa unyonge, na injini hukosa nguvu mlimani. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya waya mmoja mchafu.

Anayefungua mfereji wa mafuta na aondoe kwanza waya hasi wa betri, tena afanye kazi uwanjani, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mbali.

Katika motokaa nyingi za namna hii, ukifungua ufunguo bila kuwasha injini, utasikia mvumo mdogo kutoka nyuma kwa muda wa sekunde mbili hivi. Uzoeeni mvumo huo wakati pampu ni nzima. Ukigeuka kuwa mlio mkali kama wa nyuki, mpelekeeni fundi kabla ya safari.