Je, Wajua? Weusi wa Bampa Huishia Wapi

Je, wajua kwamba ule ukijivu kwenye bampa, juu ya magurudumu na kwenye vioo vya pembeni vya gari la mtumba si uchafu? Pitisha kidole gumba kwenye plastiki ya gari aina ya Probox iliyozeekea barabara ya Embu kwenda Meru, kitatoka na unga. Unga huo ni ngozi ya plastiki yenyewe. Plastiki hiyo mara nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo na talki, madini yaleyale ya poda ya mwilini. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo mirefu ya molekuli, uso ukapasuka nyufa ndogo mno na talki ikabaki wazi. Mwanga ukigonga uso huo hutawanyika, nasi tunaona kijivu. Ndiyo maana hata ukiosha kwa sabuni mara ngapi, gari likikauka limepauka vilevile.

Na jua letu la Kenya si la mchezo. Mstari wa ikweta unapita kati ya mji wa Meru na Nkubu, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama utosini. Ongeza mwinuko: kila unapopanda mita 1,000, mionzi hiyo huzidi kwa takriban asilimia 10, na Embu na Meru zote ziko juu ya mita 1,300. Isitoshe, Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo gari linaloshuka Mombasa huenda limeshaota jua la Japani miaka saba.

Je, wajua kwamba weusi wa plastiki hii ni masizi? Huitwa kaboni nyeusi, na kazi yake kubwa ni kuimeza mionzi hiyo kabla haijafika ndani. Mabomba meusi yanayoteremsha maji kutoka mito ya Mlima Kenya hadi mashambani yamekingwa hivyohivyo.

Zamani bampa zilikuwa za chuma. Renault 5 ya Ufaransa, mwaka 1972, ni miongoni mwa magari ya kwanza kutoka kiwandani na bampa za plastiki. Polipropilini yenyewe ilipatikana 1954 katika maabara ya Giulio Natta wa Italia, ambaye mwaka 1963 alishiriki Tuzo ya Nobeli na Karl Ziegler wa Ujerumani. Ukitaka kujua bampa yako imeundwa kwa plastiki gani, ifungue utazame mgongo wake. Maandishi kama PP+E/P-TD20 yanasema: polipropilini, mpira, na talki ya unga asilimia 20. Ukiamua kuipaka rangi upya, fundi asiyeyasoma anabahatisha, na pesa zinazobahatishwa ni zako.

Kwa maana polipropilini haipendi kushikwa na kitu. Imwagie maji, yatajikunja matone. Rangi nayo hujikunja hivyo, ingawa hatuoni, na baada ya miezi michache inabanduka vipande vipande. Viwandani hupitisha ndimi za moto haraka juu ya bampa ili oksijeni ishikamane na uso. Gereji ya mtaani haihitaji moto. Inahitaji praima ya plastiki, ile yenye poliolefini iliyotiwa klorini: sehemu moja ya molekuli zake inafanana na plastiki na kujisokota ndani yake, nyingine inaipokea rangi. Praima ya bati haifanyi kazi hiyo hata ikipakwa mara nne.

Kinachoharibu zaidi ni huruma ya waosha magari. Mafuta ya taa, dizeli au mafuta ya silikoni hurudisha weusi papo hapo kwa sababu huziba nyufa, kama udongo unavyokolea ukilowa. Mvua moja tu ya Aprili, weusi umekwenda. Silikoni hubaki, na rangi ikipigwa juu yake hufanya vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Hivyo kabla ya lolote, sugua kwa sabuni ya maji na burashi ngumu, suuza, kausha, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa hadi kitoke cheupe.

Je, wajua kwamba ule ukwaruvu unaofanana na ngozi ulichorwa kwa asidi kwenye kalibu ya chuma? Unaficha mikwaruzo na alama za vidole. Msasa mkali ukiufuta haurudi tena, na rangi nzito huujaza mabonde yake mpaka bampa ing'ae kama sahani. Tumia kitambaa laini cha kusugulia sufuria, halafu, juu ya ile praima ya plastiki, piga rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka tatu au nne nyembamba sana, ukingoja kila moja ikauke. Ziba taa na bodi kwa gazeti na tepu ya karatasi.

Chagua saa pia. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala Embu, thina inayoyeyuka huupoza uso, unyevu hutua juu yake na rangi hupiga weupe. Saa saba mchana juani, rangi hukauka hewani kabla ya kutua na kuacha chembe kavu. Saa nne asubuhi, kivulini, siku isiyo na upepo wala vumbi, ndiyo bora. Baada ya hapo lizuie gari lisipelekwe kwenye mashine ya maji ya kasi kwa wiki nzima. Rangi inayoonekana kavu ukiigusa kwa kidole jioni bado inaendelea kukomaa chini.